Njia ya Kuonja katika Nchi ya Unyoofu

Haya nitakayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu mawili, ambayo daktari aliyapima mwaka jana na kuyakuta hayana kasoro ila kwa herufi ndogo. Shimo si herufi ndogo. Namna nilivyofika katika nchi ya Unyoofu si jambo la kumpotezea msomaji wakati; yatosha kusema kwamba nilifika asubuhi, juu ya baiskeli yangu nyeusi niliyokuwa nikiendea shuleni kufundisha kwa miaka thelathini na minne, na kwamba kabla ya saa moja kupita nilikuwa nimekwisha kuanguka.

Mahali penyewe paliitwa Kona ya Tanuri, kwa kuwa hapo njia ya baiskeli huzunguka tanuri kuukuu la matofali. Shimo lilikuwa limejaa maji, likajifanya dimbwi. Gurudumu la mbele likazama lote hadi katikati, usukani ukanipiga kifuani, nami nikaangukia goti la kushoto. Nilikuwa ningali chini nikikitafuta kiatu changu, alipokuja mbio mwanamke wa makamo aliyejitwika mkoba kichwani.

"Shikamoo, Bibi. Inuka. Inuka kabla hajafika."

"Marahaba, mwanangu. Kabla hajafika nani?"

"Mwandishi wa kona. Akikuuliza, mwambie unapumzika."

Sikuwahi kuinuka. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya kijivu na daftari kwapani alitokea nyuma ya tanuri, akienda pasipo haraka, macho yake yakitazama kila kitu isipokuwa lile shimo.

"Hamjambo. Bibi ameanguka?"

Katika maisha yangu nimewaadhibu watoto wengi kwa jibu ambalo sasa lilikuwa mdomoni mwangu. Mwanamke alinibana mkono.

"Nimeketi," nikasema.

"Ameketi," akarudia akiandika, "kwa hiari yake." Kisha akaliambaa shimo kwa uangalifu mkubwa, akiinua ncha ya suruali isilowe, akaenda zake.

Hapo ndipo shaka iliponiingia, wala haikunitoka siku zote nilizokaa katika nchi ile. Mtu asiyeliona shimo hulikanyaga. Huyu alikuwa ameliambaa.

Yule mwanamke aliitwa Bi Mashavu, naye alikuwa mkunga. Alinichukua kwake, akaliosha goti langu kwa maji ya vuguvugu na chumvi, akalifunga kitambaa, kisha akanipa soksi ndefu nyeusi ipandayo hadi mapajani.

"Ivae, Bibi. Hapa kwetu goti halionyeshwi."

"Kwa heshima?"

"Kwa usalama."

Nilipouliza sababu ya mkunga kwenda kwa miguu hali ua wake ulikuwa na alama za magurudumu kila upande, alinieleza jambo ambalo nilimtaka alirudie, nikidhani kwamba goti limeniharibu masikio. Siku tatu nyuma, Bi Mashavu alikuwa ameanguka katika shimo lile lile la Kona ya Tanuri. Baiskeli yake ilikuwa imeshikwa na Baraza la Njia, naye alikuwa akingoja kuhukumiwa kesho yake kwa kosa la kuanguka pasipo shimo.

Sheria ya Unyoofu ilikuwa hivi. Kila siku saa moja asubuhi, hali ya njia ya baiskeli itokayo Mjini hadi Bondeni husomwa kwa kipaza sauti kutoka Barazani. Niliisikia kwa masikio yangu: "Njia ni njema. Kona ni njema. Daraja ni jema. Mifereji imefunikwa. Waendeshaji na waende." Baada ya maneno hayo kusomwa, njia ni kama ilivyosomwa. Aangukaye mahali ambapo shimo halikusomwa ameanguka kwa nafsi yake: ama anataka kuiaibisha nchi, ama hajui kuendesha. Kwa vyovyote vile, baiskeli yake hutundikwa katika ukuta wa Baraza, na huko haishuki.

"Basi kwa nini hamweki tawi?" nikauliza. "Kwetu, hata dereva wa lori aliyeharibikiwa hukata majani akayaweka barabarani, wanaokuja nyuma wajihadhari. Ni ubinadamu wa kawaida."

Bi Mashavu akaenda kuufunga mlango kabla ya kunijibu. "Hilo huitwa uchochezi wa majani, Bibi. Jirani yangu alifungwa kwa tawi la mpera. Nalo lilikuwa limeangushwa na upepo."

Alasiri ile nilimsindikiza kuelekea Bondeni, nikiikokota baiskeli yangu. Nitataja machache tu katika niliyoyaona, kwa kuwa orodha ndefu humchosha msomaji, na hii haikuwa na mwisho. Daraja lilikuwa na mbao nane, na nafasi ya mbao nyingine tano. Mfereji ulikuwa umefunikwa kwa nondo, lakini nondo zile zilikuwa zimelazwa kuufuata mwendo wa njia, na upana wa nafasi baina yao ulilingana barabara na upana wa tairi. Mahali pamoja njia yenyewe ilikuwa imechorwa mstari mzuri mweupe, ikanyooka, ikaingia moja kwa moja katika ukuta wa ghala. Waendeshaji waliufikia ukuta, wakashuka, wakainua baiskeli mabegani, wakapenya kando ya ghala na kupanda tena upande wa pili. Hakuna aliyenung'unika. Mmoja alinisalimu kwa adabu. Wote walivaa soksi ndefu, na wote, waliposhuka, walitanguliza mguu wa kulia kama watu wanaouogopa wa kushoto.

"Mguu una nini, bwana?" nilimwuliza mzee mmoja muuza mkaa.

"Umelala tu, Bibi."

"Tangu lini?"

Alitazama nyuma yake, kisha mbele, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu kumtazama mgeni. "Mbona wauliza sana? Nani amekutuma?"

Huko Bondeni tulimkuta mwanamke aitwaye Riziki, mwenye mimba ya mapacha, ambaye siku zake zilikuwa zimetimia. Bi Mashavu alimpapasa tumbo, akasema kwamba mmoja amekaa vibaya, na kwamba uchungu ukianza ni lazima aitwe pasipo kukawia. Mume akauliza, "Utafika kwa muda gani?" Bi Mashavu akaanza kuufunga mkoba wake. Kwa baiskeli ni dakika arobaini. Kwa miguu, nasi tulikuwa tumeipima njia ile siku hiyo hiyo, ni saa tatu. Nilielewa basi kwamba hukumu ya kesho haikuhusu chuma na mpira.

Asubuhi tulikwenda Barazani. Kabla ya kikao niliomba kumwona mwenye kuitunga ile habari ya kila siku, nikapelekwa kwa Mheshimiwa Dihenga, ambaye cheo chake kilikuwa Mwonjaji Mkuu wa Njia. Ndiye aliyeikagua njia, ndiye aliyeisoma, na ndiye aliyewahukumu walioanguka. Nilimwambia kwamba vyeo vitatu ni vingi kwa kichwa kimoja. Akacheka kwa upole, akanipeleka uani.

Uani palikuwa na njia ya baiskeli. Ilikuwa na urefu wa hatua mia mbili, imesakafiwa, imefagiliwa na kunyunyiziwa maji. Ilikuwa na kona moja, na daraja dogo lisilovuka kitu chochote.

"Hii ndiyo Njia ya Kuonja," akasema. "Kila alfajiri navivua viatu vyangu, naitembelea peku kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyayo hazisemi uongo. Niihisivyo, ndivyo njia yote ilivyo."

"Na ile njia iendayo Bondeni, huitembelea lini?"

"Bibi, wewe ni mpishi bila shaka. Ukitaka kujua wali umeiva, waonja sufuria nzima?"

"Naonja punje mbili tatu."

"Basi!"

"Lakini nazitoa katika sufuria ile ile, Mheshimiwa. Sionji wali wa jirani."

Aliacha kucheka. Alitaka kujua nimekuja kwa nani, nitaondoka lini, na kwa nini natembea nikivuta mguu. Nilimwambia kwamba umelala tu. Lilikuwa jibu langu la pili la uongo katika siku mbili, nami nilianza kujishuku kuwa nachukua uraia.

Kikao kilifanyika pale pale uani, kandokando ya Njia ya Kuonja, ili ushahidi uwe karibu. Juu ya ukuta zilining'inia baiskeli za watu wengi, nyingine zina kutu, nyingine zina viota vya shomoro. Ya Bi Mashavu ilikuwa imeegeshwa chini ya msumari wake, nayo ilikuwa imetolewa upepo, kwa kuwa baiskeli ya mshitakiwa hutolewa upepo isije ikatoroka. Watu walikuwa wengi. Yule mwandishi wa kona, ambaye jina lake lilikuwa Bwana Ngwali, alilisoma shitaka kutoka katika daftari lake.

"Mshitakiwa wasemaje?" Mheshimiwa Dihenga akauliza.

"Nilianguka kwa sababu palikuwa na shimo, Mheshimiwa."

"Lilisomwa siku gani?"

"Halikusomwa."

"Ikiwa halikusomwa, ulilijuaje?"

"Kwa gurudumu."

Mtu mmoja nyuma alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Mheshimiwa aliinua mkono. Akatukumbusha kifungu cha kwanza cha sheria, kisemacho kwamba njia haibadiliki: ilivyo leo ndivyo ilivyokuwa jana na juzi, na ndivyo itakavyokuwa. "Njia ya Kuonja ndiyo hiyo mbele yenu. Aonaye shimo na aonyeshe kwa kidole. Ikiwa leo halipo, siku ile halikuwapo."

Hakuna aliyeonyesha. Njia ilikuwa laini kama sahani.

"Mheshimiwa," akasema Bi Mashavu, "kuna mwanamke Bondeni ana watoto wawili tumboni, na mmoja amekaa kombo. Wakati wowote nitaitwa. Mimi sikuja kuomba haki. Nimekuja kuomba baiskeli."

"Ana shahidi?" Mheshimiwa akamwuliza Bwana Ngwali.

Watu wakaanza kuzitazama soksi zao. Nilimwona muuza mkaa. Alikuwa akiitazama yake kwa bidii kana kwamba imeandikwa kitu. Nami nilitazama mbele, kwa sababu nimewafundisha wengine kutazama mbele, nikasimama.

"Mimi ni shahidi. Nilianguka katika shimo hilo hilo, jana asubuhi."

Bwana Ngwali alifunua daftari. "Hapa imeandikwa kwamba Bibi aliketi, kwa hiari yake."

"Umeandika sawasawa nilivyosema. Nilisema uongo." Nikaivua ile soksi mbele ya hadhara, nikakifungua kitambaa. Wanawake wa mbele walijifunika nyuso. Goti lilikuwa limevimba na rangi yake ilikuwa ya biringanya.

Mheshimiwa Dihenga alilitazama goti, kisha akautazama ukuta. "Msumari mwingine," akaamuru. "Baiskeli zitatundikwa mbili."

Wakaileta yangu. Sikufurahi kuiona imeshikwa na mikono ya watu wasioijua. Mheshimiwa akaugonga usukani kwa kidole, akawageukia watu. Nadhani goti langu lilikuwa limewatia mashaka, naye aliliona hilo. Mtu mwenye hakika hasemi zaidi ya lazima.

"Wananchi, mgeni huyu ataka muamini kwamba njia humwangusha mtu. Njia yetu? Hata mimi, ambaye tangu nizaliwe sijapata kupanda kitu hiki, siwezi kuanguka hapa!"

"Tuonyeshe basi, Mheshimiwa!" Aliyesema alikuwa mwanamke muuza vitumbua, aliyekaa juu ya ndoo yake.

"Panda, baba!" mwingine akadakia. "Njia ni njema!"

"Kona ni njema!"

"Daraja ni jema!"

Walikuwa wakiyatamka maneno yake mwenyewe, na kwa maneno yake mwenyewe mtu hawezi kumfunga raia. Akaikunja kanzu, akapanda. Msomaji aweza kunishuku, kwa hiyo naeleza waziwazi: nililishika tandiko hadi alipotulia, na nilimwambia mara mbili, "Tazama mbele, Mheshimiwa, usilitazame gurudumu." Alilitazama gurudumu. Alikwenda hatua kumi na moja, akayumba kuume, akayumba kushoto, akaanguka kwa kishindo juu ya sakafu iliyofagiliwa.

Shomoro waliruka kutoka ukutani. Kanzu ilikuwa imepasuka, na goti la kushoto la Mwonjaji Mkuu lilikuwa nje, linatoka damu, mbele ya watu wote.

Bwana Ngwali alifungua ukurasa mpya, nadhani kwa mazoea tu. "Mheshimiwa… ameketi?"

"Kwa hiari yake?" akauliza muuza vitumbua.

Mheshimiwa Dihenga alitazama goti lake. Alitazama sakafu, ambayo haikuwa na hata ufa. Alitazama ukutani, pale palipopigiliwa msumari mpya. Nilimwona akihesabu njia zilizobaki, na ilibaki moja.

"Shimo," akasema.

"Wapi, Mheshimiwa?"

"Hapa! Kubwa! Huoni?"

"Naliona, Mheshimiwa," akasema Bwana Ngwali, akaandika.

Na kwa kuwa Njia ya Kuonja ndiyo njia yote, njia yote ilikuwa na shimo. Na kwa kuwa njia haibadiliki, ilikuwa nalo tangu zamani. Sheria yenyewe ilikuwa imekwisha kusema, wala haikumhitaji hakimu. Watu walianza kuziteremsha baiskeli zao ukutani, wengine wakizifuta kwa kanga, wengine wakizitoa viota kwa taratibu na kuviweka juu ya ukuta. Sijui kama nilisikia mtu akilia au mnyororo ukilia.

Katikati ya hayo mume wa Riziki aliingia mbio, amelowa jasho, ametembea saa tatu, hawezi kusema. Hakuhitaji kusema. Bi Mashavu aliitazama baiskeli yake isiyo na upepo, kisha akanitazama mimi.

"Breki ya nyuma ni nzito," nikamwambia. "Ibane mapema. Na Kona ya Tanuri, pita kushoto."

Akairukia baiskeli yangu kama msichana, mkoba mgongoni, akatoweka.

Alirudi siku ya pili, akiikokota baiskeli, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Wote wawili wamelia, Bibi," akasema. "Yule wa kombo alilia zaidi." Kisha akalala palepale juu ya mkeka.

Ningependa kuishia hapo, lakini mtu aliyekiri uongo mbele ya hadhara hana ruhusa ya kuficha yaliyobaki. Wakati Bi Mashavu alipokuwa Bondeni, mafundi walikuwa wameletwa uani na zege. Walilitafuta shimo la Mheshimiwa kwa muda mrefu. Walipolikosa, walimwaga zege mahali alipoangukia, juu ya sakafu iliyokuwa sawa, pakatokea kinundu. Na saa moja ya asubuhi ile aliyorudi kipaza sauti kilisoma: "Kulikuwa na shimo. Limezibwa. Njia ni njema. Kona ni njema. Waendeshaji na waende." Niliwaona watu wakizivaa soksi zao. Wengine walizivaa upesi. Wengine walizishika mkononi, wakizitazama, wasijue la kufanya nazo.

Niliondoka mchana huo kwa njia niliyoijia. Katika Kona ya Tanuri nilishuka, nikavunja tawi la mwarobaini, nikalisimamisha shimoni na kulishindilia matofali. Bwana Ngwali alikuwa amesimama nyuma ya tanuri. Sikuwa na shaka kwamba atakuwapo.

"Bibi," akasema kwa sauti ya chini, "asubuhi imesomwa kwamba limezibwa."

"Nimesikia. Wewe waona nini?"

Akalichungulia shimo. "Naona maji."

"Na chini ya maji?"

Nikauchukua mwavuli wangu katika keria, nyuma ya tandiko, nikautia majini wima. Ulizama hadi karibu na mpini. Nikautoa, nikamwonyesha alama ya tope ilipofikia. Aliitazama. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: aliinama, akapandisha suruali, akaishusha soksi yake ya kushoto. Goti lake lilikuwa na makovu juu ya makovu, ya zamani na mapya, kama daftari lililoandikwa na kufutwa mara nyingi.

"Hapa hapa?" nikauliza.

"Hapa hapa, Bibi. Mara nne."

"Andika."

Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Aliandika mahali, tarehe, na kina cha shimo kwa kipimo cha mwavuli. Nilisimama nyuma ya bega lake mpaka alipotia nukta.

Nilipofika mbali niligeuka mara moja tu. Alikuwa bado amesimama kando ya tawi. Kama alikuwa akililinda, au akingoja nipotee machoni ili aling'oe, sikuweza kujua, na nchi ile ilikuwa imenifunza kutomdhania mtu mema kwa haraka. Nikaendelea kukanyaga. Kisha nikasikia nyuma yangu kengele ya baiskeli inayotoka Mjini, ikija kwa kasi, ikaikaribia kona, ikapunguza mwendo, ikapita.